Mteja anayesubirishwa hakai bure

Hapa kwetu Lamu abiria hatazami rangi ya boti wala jina lililoandikwa ubavuni. Hutazama mashine. Mama aliyeshuka basi Mokowe, gati letu la upande wa bara, mtoto mgongoni na mizigo mkononi, vumbi la safari bado liko usoni, akiiona mashine ya chapa anayoijua hunyanyua buibui akapanda. Akiiona ile nyingine ya bei ya chini, husimama kwanza kwenye ngazi za gati akamwuliza nahodha, "Hii yatufikisha kweli?"

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa katika wale wasioulizwa swali hilo. Baba alinunua mashine ya chapa ile nikiwa bado naenda chuo cha Kurani na juzuu yangu kwapani, ami yangu akafuata, na ilipofika zamu yangu ya kumiliki boti sikuuliza hata bei ya nyingine. Jina lake silitaji, wala jina la wakala aliyekuwa akituuzia kutoka Mombasa. Haya ninayoyasimulia nimeyasikia pia kwa wenye majokofu, kwa wenye cherehani na kwa wenye pikipiki. Jina kubwa, bidhaa nzuri, bei ya juu, halafu mzigo haufiki. Wateja wala hawagombi. Wanaondoka mmoja mmoja, na mwenye duka anabaki kuuliza wamekwenda wapi.

Kwanza nieleze tulikuwa tunalipia nini. Mashine ile bei yake ilikaribia kuwa mara mbili ya zile za kuigiza. Ni ya nguvu za farasi 40, ya kuchanganya oili na petroli, yenye kabureta ambazo fundi yeyote wa mtaa wa Langoni anazifungua akiwa amekaa juu ya dumu. Ukiitazama si kitu cha fahari. Lakini ukivuta kamba, mara ya pili au ya tatu imeshika, na ikishika unauona mchirizi wa maji unatoka ubavuni kwake, mwembamba, umenyooka. Nahodha wa hapa haangalii geji, hata kama ipo. Anaangalia mchirizi ule. Maji yakitoka vizuri, pampu inaipoza injini. Yakianza kukatika-katika, ujue impela imeliwa, kile kigurudumu cha mpira kilicho ndani ya pampu. Na bahari yetu hukila haraka, maana njia zetu nyingi ni mchanga na tope. Pita Mkanda maji yakiwa yanakupwa, pale kati ya Manda na bara, uone rangi ya maji yanayorushwa na propela.

Impela inaenea kiganjani. Zamani ikiharibika ulipiga simu Mombasa jioni, na kesho yake basi likaja nayo, ndani ya kiboksi kidogo chenye nembo, kondakta amekiweka juu ya dashibodi. Unavuka Mokowe, unamwachia ya chai, unarudi. Magharibi mashine iko majini. Hiyo ilikuwa sehemu ya bei ambayo haikuandikwa kwenye risiti, na kwangu mimi ilikuwa ndiyo sehemu kubwa. Kusi likivuma na wewe uko nje, umeshaipita Pate unaelekea Kiwayu, abiria wamekutegemea na mawimbi yanakuja kwa ubavu, mashine ikizimika huna cha kushika ila dua. Kwa hiyo tulilipa. Tulilipa bei ya mashine na bei ya usingizi, na tuliviona vyote viwili tumevipata.

Mwaka 2020 na 2021 spea zilipoanza kuchelewa, hatukumlaumu mtu. Korona ilikuwa imesimamisha ndege, wageni wamekatika Shela, boti zetu zinaelea tu mbele ya mji kama bata. Kontena zilikuwa shida dunia nzima. Machi 2021 ile meli kubwa, Ever Given, ikakwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na wazee wakachekea barazani kwamba kumbe hata wakubwa hupwelewa. Ukiambiwa spea haijafika, ulisema sawa, hakuna aliyefikiwa. Nalitaja hili kwa sababu wauzaji wengi humdhani mteja ni mtoto, kwamba akicheleweshewa atalia. Mteja anajua kupima. Kuchelewa kwenye sababu inayoonekana humezeka.

Kilichofuata ndicho hakikumezeka. Dunia ilirudi kazini, wageni wakarudi Shela, lakini spea zetu hazikurudi kama zamani. Ukipiga simu unaambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika unaambiwa wiki ijayo. Yule mzee aliyekuwa akipokea simu zetu, aliyetujua kwa sauti, alikuwa ameshaondoka. Pakawekwa vijana wenye lugha tamu na majibu ya kunakili.

Mwaka 2023, kusi likielekea kuisha, niliagiza mashine mpya. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa imefunguliwa na kufungwa mara nyingi mno, fundi mwenyewe akaniambia niipumzishe. Nikatoa arbuni, nusu ya bei, nikaandikiwa kwamba mashine itakuwa Mokowe mwezi wa Oktoba. Oktoba ilinifaa kuliko mwezi wowote. Novemba huwa tuna Tamasha la Utamaduni, kisha kaskazi linaingia na bahari yetu inatulia, na Desemba nyumba za wageni zinajaa. Mwenye boti Lamu huchuma riziki ya mwaka katika miezi hiyo michache. Iliyobaki ni ya kulipa madeni na kukalafati vyombo.

Oktoba ikaja ikapita. Nilipokea ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, mzigo wako uko katika hatua za mwisho." Hatua za mwisho za wapi, haikuandikwa. Novemba mvua za El Niño zikamwagika, mto Tana ukafurika, barabara ya kutoka Garsen kuja kwetu ikakatwa na maji na magari yakalala njiani. Nikajiambia haya, hii ni kudura, hakuna wa kulaumiwa. Nikampigia kijana wa mauzo nikamwambia, "Kaka, najua barabara ni mbaya. Mashine ikiwa Mombasa we niambie tu, nitatafuta jahazi liilete." Kuleta mzigo kwa bahari kutoka Mombasa si ajabu, mababu zetu hawakungoja lami. Akasema atauliza. Baada ya kumfuata-fuata akakiri kwamba mashine haiko Mombasa. Maana yake wiki zote zile alizokuwa akinililia mafuriko ya Tana, mzigo wenyewe ulikuwa haujaiona ardhi ya Kenya.

Desemba sababu ikabadilika. Sasa ikawa ni vita vya Bahari ya Shamu. Kweli, Wahouthi wa Yemen walikuwa wakizishambulia meli, Novemba walikuwa wameshaiteka meli ya Galaxy Leader, na kampuni kubwa za meli zikaanza kuiacha Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka kwa siku kumi hadi wiki mbili. Habari hizo tulizifuata hapa kwa makini. Mtu akikaa uwanja wa Mkunguni saa moja tu alikuwa anatoka na mhadhara mzima. Sasa kijana anamwambia hayo mtu wa Lamu! Mashine zile zinatoka Asia ya Mashariki. Zinapita upande wa Singapore, zinaikata Bahari ya Hindi, zinashuka Kilindini, bandari ya Mombasa. Bahari ya Shamu imeingia wapi hapo? Nilimwuliza hivyo hivyo. Watu wangu walikuwa wakienda Arabuni na Bara Hindi kwa pepo mbili hizi hizi, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ramani hiyo hatukuipata skuli.

Inawezekana misukosuko ile iligusa meli na kontena hata za upande wetu, maana mambo ya meli yamefungamana, likivutwa huku linakaza kule. Kama ni hivyo, angesema hivyo, nami ningemwelewa. Alichofanya ni kuokota habari ya jana usiku ya televisheni akanirushia. Siku hiyo ndiyo nilikata tamaa, na wala haikuwa siku mbaya kuliko zote kwa upande wa kazi. Kungoja nilikuwa nimeshakuzoea. Kilichonichoma ni kuonekana sina akili. Septemba wangeniambia kwamba mashine itafika mwezi wa tatu, ningekodi nyingine ya msimu, nikapanga mambo yangu, na leo ningekuwa bado mteja wao na huenda nisingeandika haya.

Nina jambo dogo la pembeni ambalo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Hapa Kililana, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, tuna bandari mpya ya Lamu, gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Ina kina ambacho meli kubwa za dunia zinakitamani. Lakini bidhaa za maduka yetu bado zinashushwa Kilindini, kisha zinapandishwa barabarani kwa zaidi ya kilomita 300, na sehemu ya njia hiyo magari yamekuwa yakienda kwa msafara na askari. Unapita na boti yako isiyo na mashine ya maana, unazitazama kreni zile zimesimama juu ya maji, unamwachia Mungu.

Basi tuseme nilichokuwa nikifanya muda wote huo. Wakala naona alidhani nimekaa barazani nimeshika tama. Mtu mwenye boti na watoto wa skuli hawezi kukaa. Mtoto wa ami yangu kule Faza alikuwa na mashine ya chapa ya kuigiza, amenunua ya pili akaiweka akiba. Nilikuwa nimemcheka sana kwa mashine zake hizo. Nikaenda nikiwa mdogo, nikamwomba, akanipa bila hata neno la kuniumbua, ingawa niliona anajizuia.

Tukaifunga. Siku ya kwanza gatini Mokowe niliulizwa swali lile, la kwanza maishani mwangu: "Hii yatufikisha?" Nikajibu in shaa Allah, kama wanavyojibu wote. Mashine yenyewe ina kelele, inatetema hadi magoti yanalegea, na petroli inakunywa zaidi ya niliyozoea. Nilikuwa naugeukia ule mchirizi wa maji kila mara kama mtu anayemchungulia mgonjwa. Lakini ilitufikisha. Kesho yake pia. Wiki zikapita, ikawa nageuka mara chache, mwishowe nikawa nasahau kugeuka.

Kisha impela yake ikaliwa, maji yakaanza kukatika. Nikaipeleka kwa fundi nikijua nimeshakwama. Fundi akafungua boksi lake la bati, akatoa impela, akaipuliza vumbi, akaifunga, akaniambia niende. Ilikuwepo. Bei yake ni ya kuku mmoja. Nikamwuliza ameitoa wapi, akasema wenye chapa ile wana kijana Mombasa anayewatumia mafundi spea kabla hazijaombwa, wanalipa zikiuzika. Halafu akanionyesha jambo ambalo mafundi wote walikuwa wakilijua na sisi wenye mashine za bei tulikuwa hatutaki kulisikia: wale waigizaji wamenakili umbo la mashine yetu ile ile, na spea zao nyingi zinaingia kwenye mashine ya chapa kubwa bila kulazimishwa. Akaichukua mashine yangu ya zamani, ile iliyokuwa imelazwa pembeni kwa gunia juu yake ikisubiri spea zake orijino, akaitia spea za wale wengine, pampu yote na gasketi zake. Akavuta kamba. Ikashika. Maji yakatoka, membamba, yamenyooka.

"Mbona hukunambia miaka yote hii?" nikamwuliza.

"Ulikuwa huna shida, bwana," akajibu, anafuta mikono. "Mtu asiye na shida humwambii kitu."

Hapo ndipo ilipokatika kamba yangu na chapa ile, na katika yote niliyoyaona, hilo ndilo ningependa mwenye biashara yeyote alitie akilini. Mashine ya mpinzani nisingeijaribu kamwe kwa hiari yangu. Punguzo la bei lisingenishawishi, wala tangazo, wala maneno ya mtoto wa ami. Aliyenichukua mkono akanipeleka hadi dukani kwa mpinzani ni wakala wangu mwenyewe, kwa kunisubirisha. Kila wiki aliyonipa ilikuwa wiki ya mafunzo. Nilijifunza sauti ya mashine nyingine, nikajua inavyokula petroli, nikajua wapi spea zake zinapatikana na fundi gani anaipenda. Hofu iliyokuwa ikinifunga kwa chapa kubwa ikanitoka, maana nilikuwa nimeshakaa upande wa pili na sijafa maji.

Sisemi kwamba zinalingana. Boliti za ile ya kuigiza zilishika kutu msimu haujaisha, na gia zake zina mlio ambao sipendi kuusikia nikiwa mbali na nchi kavu. Mashine bora bado ni ile ya kwanza. Ila ubora ulio kwenye kontena usilolijua liliko hauvushi abiria.

Watu huniambia, labda wewe huna subira, na sisi watu wa Lamu tunasifika kwa kwenda polepole. Nawaonyesha Matondoni. Mtu akitaka jahazi kwa mafundi wa Matondoni anasubiri muda mrefu kuliko nilivyoisubiri mashine, na sijasikia aliyevunja agano lake akaenda kununua boti ya fiberi kwa hasira ya kusubiri. Rafiki yangu alipotengenezewa mashua kule, alikuwa akienda karibu kila wiki. Siku moja anakuta mkuku umelazwa na umepimwa. Siku nyingine mataruma yamesimama, ananusa mbao zilizorandwa. Anapewa kahawa. Fundi anamwambia waziwazi, "Mbao ya upande huu sijaipata, niliyoletewa ina ufa, nimeikataa. Tutakawia." Rafiki yangu akarudi mjini anajisifu kwamba fundi wake amekataa mbao mbovu! Kukawia kule kule kukawa sababu ya kumpenda zaidi. Alikuwa anajua chombo chake kiko wapi, kimefika wapi, na nani amekishika. Mimi nilikuwa na namba ya risiti.

Na mambo mengine wakati wake ukipita, yamepita. Mke wangu huleta mabuibui ya Dubai, yale ya bei, wateja wake ni mabibi harusi na watu wanaojipenda. Mwaka mmoja mzigo uliingia Idi imeshatoka. Nguo zilikuwa nzuri kuliko hata picha zake. Wateja walizitazama, wakazisifu, wakasema in shaa Allah Idi ijayo. Buibui la Idi likija baada ya Idi ni nguo tu kama nyingine, na bei yake watu wanaiona upya.

Upande wangu nami nina wateja. Kuna nyumba ya wageni Shela ambayo mimi ndiye nawapokelea watu wao uwanja wa ndege wa Manda. Ndege haingoji mashine. Ile mashine yangu ya zamani ilipoanza kuzingua, kabla sijaazima, kila jioni niliyokuwa na wasiwasi nilimpigia mama msimamizi: kesho sijiamini, nimeshazungumza na boti nyingine, nahodha wake ni fulani, bei ni ile ile, tofauti yake nabeba mimi. Nilipoteza pesa, sikatai. Yule mama hajaniacha hadi leo, na wageni wake hawakujua kama kulikuwa na lolote. Kwa hiyo najua ninachosema nikisema kwamba simu moja ya mapema ingetosha. Mimi sina ofisi, sina vijana wa mauzo, nina simu ya kioo kilichopasuka.

Baadaye nikapata habari iliyonimaliza kabisa. Mtu wa Malindi, katika wale wenye boti za kuwapeleka wageni kuvua samaki wa mashindano, aliniambia kwamba yeye aliagiza baada yangu, mashine ya chapa ile ile kwa wakala yule yule, na akapata ndani ya msimu. Alikuwa mteja mpya. Kabla yake alitumia chapa nyingine, kwa hiyo wakamkimbilia, wakamtimizia, wasije wakampoteza. Sisi wa Lamu tulikuwa wa nyumbani, baba zetu walikuwa wateja, wakatuhesabu tutasubiri tu. Nilimpigia kijana nikamwuliza. Hakukataa. Alisema, "Mzee, ninyi ni familia yetu." Nimelifikiria sana jambo hilo, na naona biashara nyingi huumiza hapo hapo: aliye mwaminifu ndiye anayewekwa nyuma ya foleni, kwa sababu ya uaminifu wake. Mpaka siku anapoondoka, na siku hiyo haendi peke yake.

Maana mji huu hauna siri. Mashine yangu isiyokuja ilikuwa habari ya barazani msimu mzima. Nikipita baada ya alasiri kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Haiyaya bado?" na wote wanacheka. Ule mzaha uliniuma kidogo mimi, lakini aliyekuwa akiumia zaidi ni mwenye chapa, na hakuwepo kuusikia. Vijana waliokuwa wakipanga kununua boti za kwanza walikuwa wamekaa pale, wanakunywa kahawa na kusikiliza. Baba yangu alinifundisha chapa bila kusema neno, kwa kuitumia tu. Vijana hawa wamefundishwa vingine, na wao pia bila ya mtu kuwasomesha. Siku hizi nahodha mchanga akitaka mashine haulizi ipi bora. Anamwuliza fundi ana spea za ipi ndani ya boksi.

Mashine yangu ilifika. Ilifika masika yameanza, boti zimeshavutwa pwani, watu wanachomoa pamba kuukuu kwenye maungio na kutia mpya. Ilikuja na karatasi zake zote, imefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo, na ndani wameweka kofia yenye nembo na kalenda ambayo robo yake ilikuwa imeshapita. Sikuikataa, pesa yangu ilikuwa ndani yake. Niliifunga kusi lilipotulia, na niseme haki yake: ni mashine nzuri sana. Haijanisumbua. Nikiendesha boti ile abiria hawaniulizi kitu.

Boti ya pili nimeifungia ya kuigiza, na pesa iliyobaki nimenunua nyingine ya akiba, imelala dukani kwa fundi imefunikwa. Mtoto wa ami hujifanya haoni. Ile nzuri ikihitaji impela, inatiwa ya bei ya kuku kama zote, na spea za kwenye kiboksi chenye nembo sijanunua tena. Wakala huenda hajui hata kwamba amenipoteza. Kwenye daftari lake mimi ni mteja aliyelipa akamaliza, na hakuna lalamiko lililoandikwa.

Mwaka uliopita kijana mwingine alinipigia, sauti mpya, ananitangazia mashine mpya ya mipigo minne, ya kubana petroli, na kwa wateja wa zamani kuna punguzo. Nikamsikiliza hadi mwisho, maana alizungumza kwa adabu na kosa si lake. Nikamwuliza kama inayo dukani Mombasa, ya kushikika. Akasema ni ya kuagiza, lakini safari hii haichukui muda. Nikamwambia sawa, mwanangu, ikishuka Kilindini nipigie, nitapanda basi nije niione, na pesa nitakuja nayo mfukoni. Akacheka, akasema utaratibu wao ni arbuni kwanza.